Sikling ya mchumba wangu imetoka hasi. Je, tuko salama?

"Salamu daktari. Nina miaka 27, naishi Likoni. Nilitoa damu kwenye utafiti wa malaria nikaambiwa nina AS, yaani nimebeba jeni moja ya selimundu. Nikapima tena kwa mashine katika maabara nyingine: A 66%, S 31%, A2 3.0%. Mchumba wangu ni wa Mji wa Kale. Amepima sikling, imetoka hasi, na wazee wa pande zote mbili wanasema basi, tupange nikahi. Lakini tangu utotoni huambiwa damu yake ni pungufu. Amemeza vidonge vya chuma miaka nenda miaka rudi na haipandi. Karatasi yake ya karibuni inasema himoglobini 12.1, MCV 64, chembe nyekundu milioni 6.1. Bibi yake mzaa baba alitoka Hadhramaut. Je, watoto wetu watakuwa salama? Mimi mwenyewe ni mgonjwa? Shangazi anasema mwenye AS haugui malaria, nisijisumbue na neti. Na watafiti wanataka damu yangu tena, nikubali?"

Dada yangu, maswali yako yote yana uzito, lakini naanza na karatasi ya mchumba wako, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo wazee wamelifunga na bado halijafungika.

Kipimo cha sikling hufanywa hivi: tone la damu huchanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, likafunikwa kwa kigae chembamba, kisha mpimaji huangalia kwa darubini kama chembe nyekundu zimejipinda na kuwa na umbo la mundu. Maabara nyingine hutumia kichupa: damu ikiwa na S, maji yake huwa na ukungu hata mistari iliyowekwa nyuma haisomeki. Njia zote mbili zinajibu swali moja tu: himoglobini S, yaani protini ya kubeba oksijeni yenye kasoro ya selimundu, imo au haimo? Hazitofautishi AS na SS, yaani mwenye jeni zote mbili za S, wala hazisemi lolote kuhusu kasoro nyingine za himoglobini. Kwa mtu mzima ambaye hajaongezewa damu karibuni, jibu hasi lina maana kwamba hana S. Kwa hiyo SS, aina ya selimundu ambayo watu wengi wanaijua, haitarajiwi kwa watoto wenu, na hiyo ni habari njema ya kweli. Lakini mtoto anaweza kupata ugonjwa wa selimundu hata kama mzazi mmoja tu ndiye mwenye S. Jambo hili halisemwi vya kutosha hapa Mombasa, mji ambao damu za Pwani, Arabuni na Bara Hindi zimeoana kwa karne nyingi.

Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne ya protini, miwili ya alfa na miwili ya beta. S hutokea pale jeni ya beta inapokosea mahali pamoja: kwenye nafasi ya sita ya mnyororo, asidi amino ya glutamiki inaondoka na valini inaingia. Kosa hilo dogo ndilo linalofanya molekuli zishikane na kuwa nyuzi ngumu oksijeni inapopungua, na chembe nzima ikajipinda. Thalasemia ya beta ni kosa la namna nyingine. Hapo mnyororo hauna kasoro ya umbo, ila jeni inautengeneza kidogo mno, au haiutengenezi kabisa. Mwenye jeni moja kama hiyo huishi bila ugonjwa. Damu yake huwa pungufu kidogo na chembe zake ndogo, na mara nyingi hupewa vidonge vya chuma ambavyo havimsaidii.

Sasa mtazame mtoto. Hupokea jeni moja ya beta kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Akichukua S kwako na thalasemia kwa baba, jeni moja inatoa S na nyingine inatoa kidogo au haitoi kitu. Himoglobini yake kwa sehemu kubwa itakuwa S. Ikiwa jeni ya baba haitoi beta kabisa, mtoto huyo huugua kama mwenye SS: maumivu ya mifupa, maambukizi, manjano, hatari ya kiharusi. Ikiwa inatoa kiasi, ugonjwa huwa mwepesi kadiri ya kiasi hicho, na wengine hufika utu uzima bila kugunduliwa.

Je, mchumba wako anayo? Siwezi kusema kwa karatasi hii peke yake, ila namba zake zinanifanya nisinyamaze. MCV ni ukubwa wa chembe moja nyekundu, na kwa mtu mzima hutarajiwa kati ya 80 na 100. Yake 64 ni ndogo sana. Upungufu wa chuma nao hupunguza ukubwa, lakini hapo uboho umeishiwa malighafi, kwa hiyo idadi ya chembe nayo hushuka. Yeye chembe zake ni ndogo na nyingi, milioni 6.1. Kuna hesabu ya haraka wanayoitumia madaktari: gawanya MCV kwa idadi ya chembe. Ikizidi 13, shuku chuma. Ikiwa chini ya 13, shuku thalasemia. Yake ni takriban 10.5. Ongeza vidonge vya miaka mingi visivyopandisha damu, na shaka inazidi.

Hata hivyo kuna mshukiwa mwingine, na huyu ni mwenyeji kabisa wa Pwani: thalasemia ya alfa. Katika tafiti za Kilifi, zaidi ya nusu ya watu wamekutwa wamepungukiwa angalau jeni moja ya alfa. Nayo hufanya chembe kuwa ndogo, ingawa 64 ni chini kuliko inavyozoeleka kwa aina ya alfa iliyoenea hapa kwetu. Tofauti ya hizi mbili ni kubwa kwenu: alfa ikikutana na S yako haileti ugonjwa wa selimundu, beta ikikutana nayo inaleta. Na asili ya bibi yake haithibitishi wala haikanushi kitu. Thalasemia ya beta iko Arabuni, Bara Hindi, Mediterania na kwingineko, lakini hakuna ukoo unaohukumiwa kwa jina, kuna kipimo tu.

Basi aende apimwe hivi. Kwanza himogramu kamili, yaani hesabu ya chembe zote za damu, irudiwe. Pili feritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Apime siku ambayo hana homa wala maambukizi, kwa kuwa uvimbe wowote mwilini huipandisha kwa uongo. Tatu, na hiki ndicho kipimo chenyewe, uchambuzi wa himoglobini kwa mashine ya HPLC au elektroforesisi ya kapilari, ambazo hutenganisha aina za himoglobini na kupima kila moja, na fomu iandikwe waziwazi kwamba tunataka kwa asilimia kiwango cha A2, himoglobini ya kawaida iliyo kidogo kwa kila mtu mzima. Wewe umeshapata chako kwa njia hiyo, kwa hiyo maabara unaijua. Ukiamua kwenda kwingine, piga simu kwanza uulize kama wanatoa namba ya A2. Kuna maabara ambazo elektroforesisi yao huandika herufi tu, "AA", na hiyo kwenu haina faida, kwa kuwa mwenye thalasemia ya beta naye huandikwa AA.

A2 ikizidi 3.5%, tena chembe ni ndogo, ana jeni ya thalasemia ya beta. Wengi wao huwa kati ya 4 na 6. Ikiwa A2 ni ya kawaida na feritini haikupungua, yaelekea ni alfa, na kipimo cha jeni kinaweza kuthibitisha. Mtego upo katikati: upungufu wa chuma hushusha A2 na kuficha thalasemia. Kwa hiyo feritini ikiwa chini, atibiwe chuma kwa miezi mitatu, kisha A2 ipimwe upya kabla ya mtu yeyote kusema "hana". Na kama ameongezewa damu ndani ya miezi minne iliyopita, asubiri, kwani mashine itasoma damu ya aliyemchangia. Hadi feritini ijulikane, nashauri asiendelee kumeza chuma kwa mazoea. Chuma kisichohitajika mwili hauna njia rahisi ya kukitoa.

Mashine hiyo hiyo itaonyesha pia himoglobini nyingine ambazo sikling haizioni: C, D-Punjab, E, O-Arab. D-Punjab na O-Arab zikikutana na S huleta ugonjwa mzito. Ndiyo maana sipendi neno "hasi" lisomwe kwenye kikao cha posa kana kwamba limemaliza kazi.

Tuseme imethibitika ana beta. Kila ujauzito utakuwa na nafasi moja kati ya nne ya mtoto asiye na kitu, moja kati ya nne ya mtoto wa AS kama wewe, moja kati ya nne ya mtoto mwenye thalasemia kama baba yake, na moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Kila ujauzito huanza hesabu upya. Mkishapata mgonjwa mmoja haina maana watatu wajao ni salama, na mkipata watatu wazima haina maana wa nne lazima augue. Wapo wanaoacha ndoa kwa sababu hii na wapo wanaoendelea wakijua. Siwezi kuwachagulia, na sitamlaumu yeyote. Ninachosisitiza ni kwamba mjue kabla, na wote wawili mkae mbele ya mshauri mmoja, msiletewe habari na wajumbe.

Mkiendelea, mimba inaweza kupimwa: kipande cha kondo kati ya wiki ya 11 na 14, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Nafasi ya mimba kutoka kwa sababu ya kipimo ni ndogo, lakini ipo. Maabara lazima iwe imeshajua ni kosa gani hasa la jeni alilo nalo baba, kwa kuwa makosa ya thalasemia ya beta yanayojulikana yanazidi 200, na kulitafuta huku mimba inakua ni mbio za hasara. Jiulizeni mapema jibu mtalifanyia nini. Katiba ya Kenya, kifungu cha 26, haitaji ugonjwa wa mtoto tumboni kuwa sababu ya kutoa mimba. Inataja dharura na maisha au afya ya mama. Na nyinyi mna dini yenu na watu wa kuwashauri. Wazazi wengine hupima ili wajiandae tu, na hilo ni jambo la maana.

Njia iliyo karibu zaidi ni kumpima mtoto akishazaliwa, na kwa maoni yangu hii isiachwe na yeyote mwenye AS. Usitumie sikling kwa mchanga. Miezi ya kwanza damu yake imejaa himoglobini F, ile ya mtoto wa tumboni, na kipimo kitasema uongo. Damu ya kisigino ipelekwe kwenye HPLC. Akiwa mgonjwa, penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku huanza kabla ya miezi mitatu na kuendelea hadi miaka mitano. Chanjo zote, hasa ya nimonia, zisikose. Mama anafundishwa kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto. Na kinga ya malaria inatolewa. Kisha kuna haidroksiyurea, dawa inayorudisha uzalishaji wa himoglobini F. Utafiti wa REACH, uliochapishwa 2019 na kuhusisha watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza maumivu, maambukizi, malaria, hitaji la kuongezewa damu na vifo. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 ni hatua kubwa, ila gharama yake bado iko mbali na familia nyingi za hapa. Msijenge mipango juu yake.

Sasa wewe. AS si ugonjwa. S yako ni 31%, na wengi wenye AS huwa kati ya 35 na 40. Upungufu huo hauna maana kwamba AS yako "inaisha", na haitapanda ukizeeka. Minyororo ya alfa hupenda kuungana na beta ya kawaida kuliko na ya S. Alfa zikiwa chache, S ndiyo inayokosa mwenza. Kwa hiyo 31% yaelekea inasema kwamba nawe umepungukiwa jeni moja ya alfa, jambo la kawaida sana Pwani. Upungufu wa chuma nao unaweza kushusha S, basi pima feritini yako pia. Kilicho muhimu ni kwamba A yako imeizidi S. Ingekuwa S imeizidi A kwa mtu ambaye hajaongezewa damu, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Maisha yako ni ya kawaida. Unaweza kufunga Ramadhani, ila kunywa maji ya kutosha wakati wa daku na usifanye mazoezi makali alasiri ya jua. Unaweza kupanda ndege na kwenda Nairobi bila wasiwasi. Kwenye utafiti wa wanajeshi weusi wa Marekani uliochapishwa 2016, takriban watu 48,000, wenye AS hawakufa zaidi ya wenzao, lakini hatari ya misuli kuvunjika kwa kazi ngumu ilikuwa juu kwa 54%. Somo lake ni maji, mapumziko na kuanza mazoezi polepole. Figo ndizo zinazoguswa zaidi: wenye AS wengi hushindwa kukoleza mkojo, na hatari ya ugonjwa sugu wa figo huongezeka kiasi. Pima presha na protini ya mkojo mara moja kwa mwaka. Ukishika mimba, waambie kliniki wapime maambukizi ya mkojo hata kama hukojoi kwa uchungu. Na siku ukipimwa sukari kwa HbA1c, mtaje daktari AS yako, kwani kipimo hicho kinaweza kusoma chini kidogo ya ukweli.

Shangazi yako ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ina historia ndefu nchini kwetu. Anthony Allison alizunguka Kenya mwaka 1949 akakuta S imejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni chache nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha hoja kwamba malaria ndiyo inayoibakiza. Baadaye Kilifi wakapima: mtoto mwenye AS ana kinga ya takriban 90% dhidi ya malaria kali, na kama 50% dhidi ya malaria ya kawaida. Lakini hiyo ni kinga dhidi ya kuzidiwa, si dhidi ya kuambukizwa. Vimelea huingia, ila chembe iliyoambukizwa hujipinda na kuondolewa na bandama, na hushindwa kunata vizuri kwenye mishipa. Tena kuna mambo mawili yanayokuhusu. Thalasemia ya alfa peke yake hukinga, na AS peke yake hukinga, lakini utafiti wa Kilifi wa 2005 ulionyesha kwamba zikikaa pamoja kinga hupotea kwa kiasi kikubwa, na wewe huenda unazo zote mbili. Pili, utafiti uliofanywa kwa sampuli za Gambia na Kenya umekuta vimelea vyenye mabadiliko ya jeni ambavyo kinga ya S haivizuii. Kwa hiyo lala ndani ya neti, na homa ikija, pima siku hiyo hiyo. Ukiwa mjamzito, kinga wanayopewa wajawazito wa Pwani nawe upewe.

Kuhusu watafiti: damu yako ina thamani kwao kwa sababu hizo nilizozitaja, na kwa kuwa kila utafiti unahitaji kulinganisha AS, AA na SS. Mimi ningependa ukubali, lakini baada ya kuuliza. Uliza kamati gani ya maadili imeidhinisha, kwa maana kamati hizo husajiliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Uliza watatoa mililita ngapi. Uliza kama damu itahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye au kupelekwa nje ya nchi, na kama jeni zako zote zitasomwa au sehemu tu. Uliza ukijitoa katikati sampuli yako itafanywa nini. Kujitoa ni haki yako na hakugusi matibabu yako ya kawaida. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya na za jeni kuwa nyeti. Uliza pia watakurudishia majibu gani, na kama watayarudisha kwako peke yako. Damu za familia nzima zikipimwa, wakati mwingine hutoka siri ya nani ni baba wa nani, na lazima wakuambie mapema wanalishughulikiaje. Na jibu la utafiti lisitumike kuamua ndoa hadi lirudiwe kwenye maabara ya matibabu, kama ulivyofanya, na ulifanya vizuri.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona damu kwenye mkojo hata bila maumivu, ukipata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, hasa baada ya kupanda mlima mrefu, misuli ikiuma kupita kiasi na mkojo ukawa rangi ya kahawa baada ya kazi nzito, au ukipigwa jicho na damu ikaingia ndani yake. Jicho usilisubirishe hata usiku mmoja, na mwambie anayekuona kwamba una AS. Kwa mambo ya ndoa, ombeni rufaa kwa daktari wa damu, Hospitali ya Rufaa ya Coast General au kliniki nyingine yenye mtaalamu huyo, mwende wawili, na mbebe karatasi zote za zamani za mchumba wako, hata za utotoni. MCV iliyokuwa ndogo tangu akiwa na miaka kumi itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.